Greg Cook: Nyota wa futiboli ya Kimarekani aliyezimwa na bega

JUMAPILI ya Septemba 28, 1969, mashabiki waliofika katika uwanja wa Nippert jijini Cincinnati, Marekani, walirejea makwao wakishangilia. Timu yao changa ya Bengals, iliyokuwa katika msimu wake wa pili tu tangu iasisiwe, ilikuwa imewalaza miamba Kansas City Chiefs kwa alama 24 dhidi ya 19.

Furaha hiyo ilificha msiba. Katika mechi hiyo, kijana aliyekuwa tegemeo la timu alikabwa na mlinzi Jim Lynch wa Chiefs, akaanguka vibaya na kuumia bega la kulia, lile alilotumia kurusha mpira. Alihisi kitu kikikatika ndani ya bega. Aliondoka uwanjani, na nafasi yake ikachukuliwa na Sam Wyche, aliyemalizia kazi.

Kijana huyo aliitwa Greg Cook. Alikuwa na umri wa miaka 22, na ilikuwa mechi yake ya tatu tu katika ligi ya kulipwa. Wengi waliomwona akicheza, akiwemo kocha Bill Walsh aliyekuja kuwa mmoja wa wakufunzi wakuu katika historia ya mchezo huo, waliamini hadi mwisho wa maisha yao kwamba Cook angekuwa mrushaji bora kuliko wote. Badala yake, anakumbukwa kama mtu aliyecheza msimu mmoja, akaumia, kisha akaondoka.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huo, yafaa ieleweke kwamba futiboli ya Kimarekani haifanani na kandanda inayochezwa Nairobi au Mombasa. Mpira wake ni wa mviringo uliochongoka pande mbili, na hurushwa kwa mkono. Mchezaji anayeusambaza huitwa kwotabeki. Yeye ndiye nahodha wa mashambulizi. Hupokea mpira, hurudi nyuma hatua kadhaa, hutazama wadakaji wake wanaotimka mbele, kisha huamua amrushie nani. Haya yote huyafanya katika muda wa sekunde mbili au tatu, huku majitu ya timu pinzani yakimjia mbio kumwangusha.

Pasi huwa za aina nyingi. Kuna zile fupi, za yadi tano au 10, ambazo mtu yeyote mwenye mkono wa wastani huzimudu. Kuna pia pasi ndefu, za yadi 40, 50 na hata 60, ambazo ni takriban mita 55. Pasi ya aina hii ikimfikia mdakaji aliyewapiku walinzi, huweza kubadilisha mechi kwa mpigo mmoja. Ni makwotabeki wachache wanaoweza kuirusha ikafika pahali panapotakikana kwa wakati unaotakikana. Cook alikuwa mmoja wa wachache hao.

Mtoto wa Chillicothe

Gregory Lynn Cook alizaliwa Novemba 20, 1946 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Alilelewa Chillicothe, mji mdogo ulio kusini mwa jimbo hilo, ambao karne moja na nusu kabla ya hapo ulikuwa makao makuu ya kwanza ya Ohio. Katika shule ya upili ya mji huo alijulikana kama mwanaspoti wa kila uwanja, kwani alitamba katika futiboli, mpira wa vikapu na besiboli.

Maumbile yalimpendelea. Alikuwa na kimo cha takriban mita 1.93 na uzani wa karibu kilo 100, mabega mapana, miguu yenye kasi na nywele za rangi ya dhahabu. Zaidi ya hayo alijaliwa kipawa kingine ambacho hakikuhusiana na viwanja. Alipenda kuchora, na mapenzi hayo yalidumu naye hata baada ya mpira kumwacha.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cincinnati, kilicho mwendo wa saa kama mbili kwa gari kutoka kwao. Huko alifunzwa na kocha Homer Rice. Katika msimu wake wa mwisho chuoni, mwaka 1968, pasi zake zilifikisha jumla ya yadi 3,272, na hakuna mrushaji mwingine wa vyuo vikuu nchini humo aliyefikia idadi hiyo mwaka huo. Katika mechi moja dhidi ya Chuo Kikuu cha Ohio mwezi wa Novemba, alirusha pasi za yadi 554. Hata hivyo, timu yake ilishindwa kwa alama 60 kwa 48, jambo linaloonyesha kwamba nyota mmoja hawezi kuzuia mvua.

Miongoni mwa wadakaji wake chuoni alikuwepo Jim O'Brien, ambaye pia alikuwa mpigaji wa mipira kwa mguu. Majaliwa yalikuwa na mpango wake kuhusu vijana hawa wawili, kama itakavyobainika.

Msimu wa mipira mirefu

Klabu ya Bengals ilikuwa imeanzishwa na Paul Brown, mkufunzi mashuhuri aliyewahi kuijenga timu ya Cleveland Browns kabla ya kufutwa kazi mwaka 1963. Ilianza kucheza mwaka 1968 katika ligi iliyoitwa American Football League, yaani AFL, na katika msimu wake wa kwanza ilishinda mechi tatu na kupoteza 11.

Mapema mwaka 1969, katika shughuli ya kila mwaka ambapo klabu hupokezana zamu za kuteua wanamichezo wanaotoka vyuoni, Bengals walimchagua Cook akiwa wa tano kwa jumla. Kwa kuwa timu hiyo wakati huo ilitumia uwanja wa Nippert, ulio ndani ya Chuo Kikuu cha Cincinnati, Cook hakulazimika hata kubadilisha uwanja. Alivua jezi ya chuo na kuvaa ya klabu, akaendelea kurusha mpira juu ya nyasi zile zile.

Aliyepewa jukumu la kumnoa ni Bill Walsh, msaidizi wa Brown. Walsh alikuwa amewahi kufanya kazi na timu ya Oakland Raiders, ambako falsafa iliyotawala ilikuwa ya kuushambulia uwanja kwa pasi ndefu. Alipompata kijana mwenye mkono kama wa Cook, hakuona haja ya kutafuta njia nyingine. Walinzi wa timu pinzani walipojaa karibu, Cook aliurusha mpira juu ya vichwa vyao.

Matokeo yalikuja upesi. Bengals waliwachapa Miami Dolphins 27-21, wakawashinda San Diego Chargers 34-20, kisha wakawaangusha Chiefs katika mechi ile ya Septemba 28. Timu iliyokuwa ikidharauliwa ilikuwa imeshinda mechi zote tatu za mwanzo. Uzito wa ushindi wa tatu ulionekana wazi Januari 1970, pale Chiefs hao hao walipotwaa ubingwa katika fainali ya Super Bowl.

Baada ya kuumia, Cook alikosa mechi tatu. Kisha alirejea. Novemba 2, 1969, akiwa na bega lililochanika, aliiongoza timu kuwapiga Oakland Raiders 31-17. Raiders walimaliza ratiba ya kawaida ya msimu huo wakiwa wameshinda mechi 12, wametoka sare moja na kupoteza moja pekee, na hiyo moja ndiyo waliyopoteza mbele ya Cook.

Msimu ulipokwisha, takwimu zake zilistaajabisha. Alikuwa amejaribu pasi 197, na 106 kati ya hizo zilidakwa na wenzake kwa jumla ya yadi 1,854. Alikuwa amezalisha mabao 15 kwa pasi hizo, huku 11 zikinaswa na wapinzani. Kwa wastani, kila mara alipoachilia mpira, timu ilipata yadi 9.41, na kila pasi iliyodakwa ilikuwa na thamani ya yadi 17.5. Mdakaji wake Bob Trumpy alipokea pasi 37 pekee lakini akapata yadi 835, ishara ya jinsi mipira hiyo ilivyokuwa mirefu. Shirika la habari la UPI lilimtangaza Cook kuwa chipukizi bora wa AFL.

Hata hivyo, kulikuwa na doa katika hesabu hizo. Bengals, walioanza kwa ushindi mara tatu mfululizo, walipata ushindi mmoja tu katika mechi 11 zilizofuata.

Kilichochanika ndani

Ili kuelewa kilichompata Cook, ni muhimu kufahamu jinsi bega la mwanadamu lilivyoundwa. Kiungo cha nyonga kimezama ndani ya shimo refu la mfupa, na kwa hivyo ni imara. Kiungo cha bega ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Kisahani hicho ni kidogo na hakina kina, na ndiyo sababu mkono waweza kuzunguka pande zote. Uhuru huo, hata hivyo, una gharama yake, kwa maana chungwa laweza kuteleza kwa urahisi.

Kazi ya kulizuia chungwa lisiteleze imeachiwa kundi la misuli minne, ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa kama kiganja kilichoshika tunda. Misuli hiyo si mikubwa wala haionekani kwa nje. Mtu akijitazama kwenye kioo huona misuli ya kifua na ya juu ya bega, asione hii iliyojificha chini yake. Lakini bila hiyo, misuli mikubwa haina pa kushikilia.

Kurusha mpira mbali si kazi ya mkono peke yake. Nguvu huanzia miguuni, hupanda hadi kiunoni, kiuno kikazungusha kiwiliwili, kiwiliwili kikauvuta mkono. Kabla ya kuachilia mpira, mrushaji huupinda mkono wake nyuma hadi kiganja kielekee juu, kama afanyavyo mrusha mkuki. Kadiri unavyopindika nyuma ndivyo njia ya kuongeza kasi inavyokuwa ndefu. Kisha mkono hufyatuka mbele kama mjeledi, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mpira ukishatoka, misuli ile minne, hususan ya nyuma ya bega, hulazimika kuusimamisha mkono usichomoke.

Kano ya kundi hilo ikichanika, mambo matatu hutokea. Kwanza, mkono haupindiki nyuma vya kutosha, ama kwa sababu ya maumivu au kwa sababu mfupa hautulii mahali pake. Pili, ubongo huhisi kwamba breki zimekatika, ukapunguza kasi bila hata mwenyewe kutaka. Tatu, mrushaji huanza kutafuta njia za mkato. Hushusha kiwiko, husukuma mpira badala ya kuufyatua, na hutegemea viungo vingine ambavyo havikuumbwa kwa kazi hiyo.

Upungufu mdogo wa kasi huleta hasara kubwa ya umbali. Kanuni za fizikia zinaonyesha kuwa umbali unaofikiwa na kitu kilichorushwa hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi. Ukiweka kando upepo, kasi ikipungua kwa asilimia 10, umbali hupungua kwa takriban asilimia 19. Mrushaji ambaye jana aliufikisha mpira yadi 60, leo utaanguka kabla ya yadi 49.

Anaweza kujaribu kufidia kwa kuurusha juu zaidi, lakini mpira unaopaa sana hukaa hewani kwa muda mrefu. Muda huo huwapa walinzi nafasi ya kumfikia mdakaji aliyekuwa tayari amewaacha. Pasi ambayo ingekuwa bao hugeuka kuwa mpira wa kugombewa, au zawadi kwa wapinzani.

La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo aweza kurusha pasi za yadi 10 siku nzima bila yeyote kugundua. Pasi fupi huhitaji macho, kifundo cha mkono na kuwahi wakati. Ndiyo maana jeraha la bega huweza kuwahadaa makocha, mashabiki na hata mwenyewe. Akitazamwa mazoezini huonekana mzima. Ni siku ya mechi, anapohitajika kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ndipo ukweli hujitokeza.

Sindano na kimya

Mwaka 1969 madaktari wa michezo hawakuwa na vifaa walivyo navyo leo. Picha za eksirei huonyesha mifupa, na mifupa ya Cook haikuvunjika. Mtambo wa kupiga picha za nyama na kano kwa nguvu za sumaku ulijaribiwa kwa mwili wa binadamu mara ya kwanza mwaka 1977, na ulienea hospitalini katika miaka ya 1980. Kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba kano ndani ya bega la kijana huyo ilikuwa imechanika.

Kilichofanyika ni kile kilichokuwa desturi. Cook alidungwa sindano za kotizoni, akaendelea kucheza. Dawa hiyo hutuliza uvimbe na kupunguza maumivu, lakini haishoni kilichochanika. Maumivu ni mlinzi anayepiga kelele kwamba kuna hatari. Akinyamazishwa, mwizi haondoki bali huendelea na kazi yake kwa utulivu. Kila pasi ndefu aliyoirusha kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Desemba iliongeza ufa.

Si rahisi kumlaumu mtu mmoja. Utamaduni wa mchezo huo ulimtaka mwanamume avumilie. Kijana wa miaka 22 aliyechaguliwa wa tano nchini, anayecheza mbele ya watu wa nyumbani kwao, hangependa kuonekana dhaifu. Timu nayo, ikiwa na mwaka mmoja tu wa maisha, ilimhitaji. Na kwa kuwa bado alikuwa akizalisha mabao, hakuna aliyeona sababu ya kumsimamisha. Ufanisi wake ndio uliomponza.

Kufikia mwaka 1970, bega lilikuwa limegoma. Madaktari walipolifungua, walikuta kano imechanika na pia msuli wa mbele wa mkono wa juu umeachia sehemu ya mahali uliposhikilia. Upasuaji wa enzi hizo ulikuwa wa kupasua eneo kubwa, na kupona kulichukua muda mrefu. Cook alifanyiwa upasuaji mara tatu. Msimu wa 1970 ulipita bila yeye, wa 1971 ukapita, na wa 1972 pia.

Mwaka 1973 alijaribu kurejea, safari hii akiwa na Kansas City Chiefs, timu ile ile aliyokuwa akipambana nayo siku alipoumia. Alirusha pasi tatu, moja ikadakwa kwa yadi 11. Hizo ndizo pasi za mwisho za Greg Cook katika ligi. Baada ya hapo alistaafu.

Jeraha lililozaa mtindo

Huku Cook akiuguza bega, Bill Walsh alikuwa na tatizo lake. Mfumo wake wote ulikuwa umejengwa juu ya mkono mmoja, na mkono huo haukuwepo tena. Aliyepatikana kuziba pengo mwaka 1970 ni Virgil Carter, mtu mwerevu na mwepesi wa miguu lakini asiyeweza kuufikisha mpira mbali. Carter alipenda hesabu kiasi kwamba mwaka 1971 alichapisha, pamoja na mtaalamu Robert Machol, makala ya kitaaluma kuhusu thamani ya kila eneo la uwanja katika mchezo huo.

Walsh hakumlazimisha Carter awe Cook. Aliubadilisha mchezo. Kwa kuwa hangeweza kuutumia urefu wa uwanja, aliamua kuutumia upana wake. Alibuni pasi fupi, za haraka, zilizopangwa kwa hatua na sekunde, ili mdakaji aupokee mpira akiwa katika mwendo na kuongeza yadi kwa miguu yake. Mrushaji hakuhitaji tena bega la chuma, bali akili tulivu na mkono sahihi.

Msimu wa 1970 ulianza vibaya. Bengals walishinda mechi moja na kupoteza sita. Kisha wakashinda saba mfululizo na kutwaa ubingwa wa kundi lao, wakiwa katika mwaka wao wa tatu tu. Walizimwa katika mchujo na Baltimore Colts kwa alama 17 bila jibu. Majuma matatu baadaye, Januari 17, 1971, Colts waliibuka mabingwa wa Super Bowl kwa kuwashinda Dallas Cowboys 16-13. Aliyepiga mpira wa ushindi zikiwa zimesalia sekunde tano alikuwa Jim O'Brien, yule mwenzake Cook wa chuoni.

Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizodakwa, akiwa na 62.2. Mwaka huo huo Bengals walimsajili Ken Anderson, ambaye Walsh alimlea katika mtindo huo hadi akawa mmoja wa warushaji bora wa kizazi chake. Walsh aliondoka Cincinnati baada ya msimu wa 1975. Mwaka 1979 alikabidhiwa San Francisco 49ers, akamsajili Joe Montana, na mtindo uliozaliwa kwa dhiki ukaitawala ligi. Aliipa klabu hiyo ubingwa wa misimu ya 1981, 1984 na 1988.

Katika fainali ya kwanza na ya tatu kati ya hizo, walioshindwa walikuwa Bengals. Ile ya Januari 1989 ilikuwa na uchungu zaidi, kwa sababu kocha wa Bengals siku hiyo alikuwa Sam Wyche, yule yule aliyeingia uwanjani mwaka 1969 Cook alipoumia.

Walsh, aliyefariki mwaka 2007, hakuficha kwamba lau Cook angebaki mzima, mambo yangekwenda kombo kwa wengi. Huenda Bengals wangekuwa ndio wafalme wa miaka ya 1970. Huenda pia mtindo wa pasi fupi, ambao leo hufundishwa hadi shuleni nchini Marekani, haungebuniwa kwa namna ulivyobuniwa. Mwenye mkono wa kuupeleka mpira yadi 60 hana sababu ya kujifunza kuishi kwa yadi sita.

Kilichobadilika

Miaka 36 baada ya mkasa wa Cook, mnamo Desemba 31, 2005, kwotabeki Drew Brees wa San Diego Chargers aliumia bega lake la kurushia kwa namna iliyotisha. Kano za kulishikilia bega zilichanika, pamoja na ukingo laini unaolizunguka shimo la kiungo. Klabu yake iliamua kumwachilia, na klabu nyingine zilisita kumchukua kwa kuhofia bega hilo.

Tofauti ni kwamba picha zilionyesha jeraha lote mapema. Mpasuaji alilishona akitumia vifaa vyembamba vinavyopenyezwa kupitia matundu madogo, na Brees akapewa miezi ya mazoezi ya kuirejesha misuli hatua kwa hatua. Hakudungwa sindano na kurudishwa uwanjani juma lililofuata. Alijiunga na New Orleans Saints, na Februari 2010 akawaongoza kutwaa Super Bowl. Tiba imepiga hatua, lakini hata leo si kila mrushaji hurejeshewa umbali wake wote baada ya kano za bega kuchanika. Wengi hurudi wakiwa na pasi fupi zilizo sawa na pasi ndefu zilizopungua.

Greg Cook hakuipata bahati hiyo. Baada ya kustaafu aliendelea kuishi Cincinnati, jiji lililomjua tangu ujana. Alirudia brashi na rangi, akachora. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mchangamfu, asiyepita akilalamikia kilichompata.

Alifariki Januari 2012 akiwa na umri wa miaka 65. Kufikia wakati huo wengi wa mashabiki wanaojaza viwanja vya mchezo huo walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake, ingawa walitazama kila wiki mtindo uliotokana na kuumia kwake.

Katika vitabu vya ligi, hata hivyo, amebaki. Warushaji wengi wamekuja tangu mwaka 1969, wenye madaktari bora, lishe bora na sheria zinazowalinda dhidi ya kukabwa vibaya. Baadhi yao wamekuwa mabingwa katika mwaka wao wa pili. Hakuna chipukizi yeyote kati yao aliyefikia wastani wa yadi 9.41 kwa kila pasi, wastani ambao Cook aliupata katika mechi 11, na nyingi kati ya hizo alizicheza kano ya bega lake ikiwa imechanika.